Aliyeruka Kwanza

Tangu tumzike Valsin, watu wanakuja na sufuria zao za mchuzi, wanaketi barazani kwangu, wanamsimulia. Siwakatazi. Marehemu akisimuliwa anakuwa kama ametoka tu kwenda posta. Lakini wanamsimulia vibaya, na mbaya wao ni shemeji yangu Ozémé. Jumapili alimwambia padri mgeni kwamba siku aliposimulia kisa cha piano mume wangu alikuwa amelewa, ndiyo maana akathubutu kusema aliyoyasema. Valsin hakuwa amelewa. Tangu alfajiri alikuwa amekunywa kahawa tupu. Mimi ndiye niliyemmiminia, na mimi ndiye niliyekaa naye garini. Kwa hiyo nayaandika kama yalivyokuwa, na atakayebisha aandike yake.

Valsin Meaux alikuwa mwanasheria wa Pointe-Saule. Hapa kwetu Louisiana mwanasheria wa mji mdogo ni mtu wa mipaka ya mashamba, ng'ombe waliovuka ua, na wosia. Wosia ndio alioupenda. Vikongwe walikuja ofisini wakiwa wamevaa kofia za kanisani, naye akawaandikia wosia kwa Kifaransa kwanza, kisha kwa Kiingereza kwa ajili ya mahakama. Alisema si haki mtu agawe ng'ombe wake kwa lugha asiyoiota usiku. Wengi walimlipa kwa ndoo za kamba wa matopeni, na sinki langu la kufulia lilikuwa na kamba wengi kuliko nguo.

Halafu vikongwe wakaanza kufa. Kila aliporudi kutoka mazikoni Valsin alikuwa akiniambia neno moja ambalo marehemu alilitumia na hakuna mwingine aliyelijua. Aliyatamka yale maneno polepole akiwa anavua viatu. Watoto wetu hawakuyajua, na kosa lilikuwa letu. Sisi tulikulia wakati ambapo mtoto akisema Kifaransa uwanjani mwa shule anapigishwa magoti juu ya punje za mahindi makavu. Nimepiga magoti hayo. Tulipopata watoto tukaapa hawatayapiga, tukawasemesha Kiingereza kitupu, na Kifaransa tukakibakiza cha kufichia zawadi za Krismasi.

Valsin alitaka kulirekebisha jambo hilo, na kwa kuwa alikuwa mwanasheria, alitaka kulirekebisha kwa mkataba. Aliandika barua kwa mameya wa Poitou, Ufaransa, ng'ambo ya bahari, ambako wazee wetu walitoka kabla hawajatangatanga na kutupwa huku kwenye mabwawa. Mameya wengi hawakujibu. Mmoja alimtumia kalenda. Mwishowe meya wa mji uitwao La Roche-Millet akajibu kwamba miji yetu inaweza kufunga udugu: wao wangetuletea walimu wawili wa Kifaransa shuleni kwetu, sisi tungewapelekea wapiga fidla na vijana wetu kila kiangazi. Sharti lao lilikuwa moja. Wangemtuma mtu aje kuona kama Kifaransa kiko hai kwetu kweli, au kimebaki kwenye vibao vya maduka tu. Mji mwingine wa jirani ulikuwa umeomba walimu haohao, na wasiporidhika nasi wangewapeleka huko.

Na kwa upande wetu, mkataba ulihitaji saini ya mjumbe wa bodi ya shule. Mjumbe huyo alikuwa Ozémé Trahan, mume wa Azélie, dada yake Valsin.

"Sitii saini," Ozémé alisema, mezani kwangu, mdomo umejaa mkate wangu. "Nilipigwa nikiache hicho Kifaransa. Leo mtu atoke ng'ambo aje kuwafundisha wajukuu zangu kitu nilichopigiwa? Hata nguruwe angeona haya."

"Nguruwe hajapigiwa kitu," Valsin akamjibu.

"Subiri Jumamosi."

Jumamosi hiyo palikuwa na machinjo kwake, na ndiyo wiki hiyohiyo mjumbe wa La Roche-Millet alipofika.

Aliitwa Solange Texier. Alikuwa mwanamke mrefu, suti ya kijivu, nywele zimebanwa nyuma, na Kifaransa chake kilitoka kimepigwa pasi, neno kwa neno. Tulimkaribisha kwenye ukumbi wa kanisa, na hapo ndipo tulipofanya kosa ambalo nadhani ni sisi peke yetu duniani tungelifanya. Tulimheshimu. Wanaume walivaa suti za kuzikia. Wanawake waliificha michuzi yao wakaleta vipande vya mkate vilivyokatwa kingo na jeli ya kijani inayotetemeka. Na kila mtu akamsemesha Kiingereza.

Haikuwa jeuri. Kuleta Kifaransa chetu mbele ya Mfaransa ilikuwa kama kuingia kanisani na buti za matope. Madamu aliuliza kwa Kifaransa, akajibiwa kwa Kiingereza. Azélie, ambaye Kiingereza kinamchosha kama kupanda ngazi, alimwambia kuwa hali ya hewa ni nzuri, akazunguka ukumbi, akarudi kumwambia tena. Mzee Télémaque, asiyejua Kiingereza hata kidogo, alijifanya kiziwi na kutabasamu. Madamu alimwendea Ozémé akamuuliza, "Bwana, nyumbani mnazungumza Kifaransa?" Ozémé akamjibu kwa Kiingereza kwamba samahani, haelewi. Huyo anasali kwa Kifaransa, anahesabu ng'ombe kwa Kifaransa, na trekta lake halijatukanwa kwa lugha nyingine tangu linunuliwe.

Madamu alifikia kwetu. Ijumaa, tukiwa kwenye kahawa, aliweka kikombe chini taratibu kama daktari mwenye habari mbaya.

"Wakili Meaux, watu wako ni wakarimu sana. Lakini nirudi na kusema nini? Sijasikia sentensi moja."

"Unaondoka lini?"

"Jumapili."

"Basi kesi haijaisha. Naihamisha tu."

"Kesi ipi?"

"Shahidi akiwa bubu kwenye chumba kimoja," Valsin akasema, "unaomba chumba kingine. Una viatu vingine, Madamu? Vya kuchafua?"

Hakuwa navyo. Nilimpa buti zangu.

Asubuhi ya Jumamosi ilikuwa na baridi ya Februari, ile inayofaa kuchinja kwa sababu nyama haiharibiki. Tulipofika kwenye geti la Ozémé, moshi ulikuwa umelala juu ya uwanja na kelele zilifika barabarani. Kila mtu alikuwa na kazi yake, kama ilivyo siku zote: Ozémé kwenye kisu, Azélie kwenye sufuria kubwa ya chuma akikaanga ngozi na mafuta, wanawake wengine wakiosha utumbo wa kujazia wali na maini, wazee wakitoa amri ambazo hakuna aliyezifuata. Wote walikuwa wakibishana, na wote kwa Kifaransa. Valsin alimgeukia Madamu, uso umemng'aa.

"Unasikia?"

Akamfungulia mlango. Madamu akaweka buti moja chini, na uwanja wote ukanyamaza, kama vyura mtu akikaribia bwawa. Kisha Azélie akafuta mikono kwenye aproni na kusema kwa Kiingereza kwamba hali ya hewa ni nzuri.

Walimletea kiti chenye mto. Walikiweka mbali na damu, mbali na moshi, na bila wao kujua, mbali na kila kitu alichokuja kukitafuta. Alikaa mkoba magotini kama sanamu ya mtakatifu inayosubiri maandamano. Valsin alijaribu kila njia. Alimuuliza dada yake kwa Kifaransa kama chumvi imetosha. Dada akajibu kwa Kiingereza kwamba imetosha, asante. Alimwuliza Mzee Télémaque habari za magoti yake. Mzee akaonyesha masikio. Alimtania Ozémé kuhusu kisu. Ozémé akamtazama Madamu, akamtazama Valsin, akaendelea kukata kimya. Nilijua ukimya ule. Alikuwa anashinda.

Valsin alikuja kusimama kando yangu karibu na moto. Mikono yake ilikuwa baridi.

"Ludivine, unajua miaka yote hii mahakamani nimejifunza nini?"

"Kuchelewa kula."

"Ukimwomba mtu akusimulie jambo, anakunyima. Ukilisimulia vibaya mbele yake, hawezi kujizuia."

Nilimtazama, nikaelewa ni jambo lipi. "Valsin, usifanye upumbavu kwenye uwanja wa watu."

"Ni uwanja wa dada yangu," akasema, na akaenda kuvuta kigoda mbele ya Madamu.

Lazima nieleze habari ya piano, kwa maana hapa kwetu kila mtu anaijua kama Baba Yetu. Mwaka uliofuata gharika kubwa, kanisa letu lilipewa piano na daraja lilikuwa limesombwa. Wanaume wawili wakajitolea kuivusha bayou, mto wetu mwembamba, juu ya mbao zilizofungwa kamba, huku nyumbu akivuta kutoka ng'ambo. Mmoja alikuwa Dolze Trahan, baba yake Ozémé. Mwingine alikuwa Adolphe Meaux, baba yake Valsin na Azélie, baba mkwe wangu. Katikati ya maji nyumbu akashtuka, kamba ikalegea, mbao zikainama. Adolphe akaruka. Dolze akaikumbatia piano, kwa kuwa alikuwa amemwahidi padri, akazama nayo. Kumbe pale maji si marefu. Piano ilikaa kwenye tope, na Dolze akabaki amesimama juu yake, maji magotini, kofia kichwani, akitukana hadi mashua ilipomfuata. Adolphe alisema maisha yake yote kwamba aliruka ili kupunguza uzito. Mpaka leo mtu akiondoka kazini mapema Pointe-Saule anaulizwa kama anapunguza uzito. Siku ya harusi yetu waliniuliza kama nina hakika bwana harusi hataruka.

Basi Valsin akaanza kumsimulia Madamu kisa hicho, kwa sauti ya mahakamani, kwa Kifaransa chetu chenye matope yote.

"Ilikuwa masika ya mvua," akasema.

Ilikuwa kiangazi kikavu. Niliona bega la Azélie likiruka.

"Nyumbu alikuwa mweupe."

Nyuma ya benchi la nyama mtu alikohoa. Yule nyumbu alikuwa mweusi kama chini ya sufuria.

"Na Dolze, maskini, hakuwa na kofia."

Mwiko wa Azélie ukasimama. Mzee Télémaque, kiziwi, akafumba macho kama mtu anayeumwa jino. Lakini bado hakuna aliyemsahihisha. Valsin akavuta pumzi. Nilimwona akimwangalia Ozémé upande, jinsi mtu anavyoangalia maji kabla ya kuyaingia.

"Kamba ikalegea, Madamu. Na hapo Dolze Trahan, baba yake shemeji yangu huyu, akaogopa, akaruka kwanza. Akamwacha baba yangu na piano."

Ozémé aliweka kisu juu ya benchi. Alikiweka polepole, na hilo lilinitisha kuliko kama angekitupa. Walikuwa marafiki tangu shule, waliwahi kupiga magoti juu ya mahindi yaleyale, na sikuwa na hakika kwamba urafiki huo ungefika mchana.

"Rudia," akasema. Kwa Kifaransa.

"Nasema Dolze ndiye aliyeruka."

"Nani amekuambia?"

"Baba."

"Ulitaka akuambie nini kingine?" sauti ikatoka kwa waliokuwa wakiosha utumbo, na wanawake wakaangua kicheko.

"Valsin Meaux, muogope Mungu," Azélie akasema, na akaja na mwiko unaodondosha mafuta. "Aliyeruka ni babetu. Babetu, mimi na wewe. Mama aliianika ile suruali mbele ya nyumba wiki nzima ili kila anayekwenda kanisani aione."

"Alikuwa anapunguza uzito," Valsin akasema.

"Uzito gani? Alikuwa mwembamba kama ufito."

"Kamba ilikuwa imeshalegea..."

"Haikuwa imelegea." Huyo alikuwa Mzee Télémaque, amesimama, fimbo juu. "Nilikuwapo. Ni mimi niliyemshika nyumbu. Adolphe aliruka kabla ya kamba kulegea. Aliruka kwa sababu nyumbu alimtazama vibaya."

"Nyumbu mweusi," mtu akasema.

"Mweusi kabisa. Na ilikuwa kiangazi, mjinga wewe, vumbi hadi puani. Na Dolze alikuwa na kofia."

"Kofia ya majani," Ozémé akasema. "Haikulowa. Ipo nyumbani kwangu ukutani, haikulowa hata ukingo. Baba yangu alizama na piano ya kanisa na kofia haikulowa, na wewe, mtoto wa mruka maji, unakuja uwanjani kwangu kuniambia nini?"

Kuanzia hapo sikuweza kufuata. Kila mtu alikuwa na kipande chake. Mmoja alisema padri alipiga magoti ukingoni, mwingine akasema padri alikuwa anacheka. Wanawake waligombana kuhusu wimbo ambao piano ingepigwa siku hiyo. Jina la baba mkwe wangu liliruka huku na huko kama mpira, na Valsin alisimama katikati akilitetea vibaya makusudi, akipigwa upande huu, akigeuza shavu la pili, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amegundua kwamba tayari anasema Kifaransa mbele ya mgeni.

Ndipo Madamu Texier akacheka. Kilikuwa kicheko kikubwa kuliko suti ile. Akasema kitu, haraka, kwa sauti nzito isiyo na pasi hata kidogo: kwamba mjomba wake aliwahi kuruka kutoka mkokotenini wakivuka mto na ng'ombe, na yeye pia alisema anapunguza uzito, na ng'ombe hakumsamehe.

Uwanja ukanyamaza tena. Safari hii haukuwa ukimya wa vyura.

"Umesemaje?" Azélie akauliza.

Madamu alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. "Samahani. Hiyo ni lugha ya kijijini kwa bibi yangu. Huwa siisemi."

"Bibi yangu mimi ndivyo alivyosema. Hivyohivyo. Hilo neno la mkokoteni, hivyohivyo. Kwa nini huisemi?"

Madamu akatazama buti zangu miguuni mwake. "Shuleni kwetu, mtoto akiisema, mwalimu alimvika shingoni kiatu cha mbao kwenye kamba. Unakivaa mpaka umpate mwenzako akikosea, umpe yeye. Nilikivaa sana. Kwa hiyo tangu nifike hapa nimekuwa nikijichunga, nisije nikawatia aibu wenyeji wangu."

"Na sisi," Azélie akasema, "tulikuwa tunajichunga tusikutie aibu wewe. Ulikula ile jeli?"

"Nilikula."

"Pole, mwenzangu. Njoo huku kwenye ngozi."

Walimwondoa kwenye kiti chenye mto, na hakukirudia. Nilidhani yamekwisha. Lakini Ozémé hakuwa amecheka na wengine. Alikuwa bado amesimama mbele ya mume wangu, mikono imelowa damu hadi viwiko.

"Ulifanya makusudi," akasema.

"Nilifanya makusudi."

"Ukamtumia baba yangu."

"Nilimtumia baba yako. Wangu je? Umesikia walivyomfanya?"

"Wako anastahili." Ozémé akafikiri. "Futa usemi wako."

"Naufuta."

"Siyo hivyo. Maneno ya mwanasheria ni upepo. Andika, piga na muhuri. Na uandike kama tulivyosema hapa, siyo Kiingereza."

Valsin alikwenda garini akaleta karatasi na ule muhuri wake wa chuma wa kuthibitishia hati. Azélie alipangusa kona ya benchi la nyama. Akaandika amesimama, watu wamemzunguka wakimwamrisha. Mzee Télémaque alidai nyumbu aingizwe, na rangi yake. Valsin alipomaliza, Ozémé hakuichukua. Alimpelekea Madamu.

"Soma wewe. Huyu ni mtuhumiwa."

Madamu akasoma kwa sauti yake ya vitabu. Ozémé akamsimamisha baada ya mstari mmoja.

"Hapana. Soma kama ulivyosema habari za ng'ombe wa mjomba wako."

Akasoma upya, kwa ile sauti ya kijijini. "Mimi, Valsin Meaux, mwana wa Adolphe, natamka mbele ya majirani na nguruwe huyu kwamba nilisema uongo. Dolze Trahan hakuruka. Alikaa na piano kama alivyoahidi, na kofia yake haikulowa. Aliyeruka kwanza ni baba yangu, kabla kamba haijalegea, nyumbu mweusi akishuhudia."

Ozémé aliinamia karatasi ile. Kusoma alijua, Kiingereza cha shule kilimwingia kwa fimbo. Lakini alifuata mistari kwa kidole chenye damu, midomo ikisogea, na nikaelewa kwamba lugha ya baba yake hakuwahi kuiona imeandikwa. Alirudia kusoma mahali pa kofia.

"Kumbe inaandikika," akasema.

"Inaandikika," Valsin akasema.

"Na hao walimu wenu," Ozémé akamgeukia Madamu, "mtoto akikosea, watamfanya nini?"

"Watamwambia kwa heshima."

"Na akisema kama sisi, siyo kama vitabu?"

Madamu akafikiri. Sikuona haraka ndani yake. "Akisema kama ninyi, mwalimu atatakiwa ajifunze. Wakili, unaweza kuandika hilo kwenye mkataba?"

"Nimeshaliandika," Valsin akasema. "Kifungu cha nne. Hakuna aliyekisoma."

"Mimi sikukisoma," Ozémé akasema, "kwa sababu ulikiandika Kiingereza."

Ilikuwa kweli. Mwanasheria wetu wa Kifaransa alikuwa ameuandika mkataba kwa Kiingereza kwa ajili ya bodi ya shule, na nakala ya Kifaransa ameipeleka Ufaransa. Ozémé alifurahi sana. Alimlazimisha auchukue garini na kuutafsiri wote pale pale, kifungu kwa kifungu, huku Azélie akipita na sahani ya ngozi za moto na kila mtu akitoa maoni. Kifungu cha nne walikirefusha. Waliongeza kwamba mwalimu yeyote, kabla hajagusa ubao, atahudhuria machinjo na kuosha utumbo. Madamu alisema baraza la La Roche-Millet halijawahi kupokea kifungu cha namna hiyo. Akatia saini. Ozémé akanawa mikono, jambo ambalo hakulifanya kwa ajili ya harusi yangu, na yeye akatia saini.

Walimu walikuja Agosti. Wa kwanza alizimia kwenye utumbo, lakini alirudi, naye amezaa watoto hapa.

Jioni ile Madamu alikataa kuondoka, maana Azélie alikuwa anamfundisha kujaza soseji na walikuwa wanagombana kuhusu vitunguu, kwa hiyo tulirudi wawili. Valsin aliendesha polepole. Mkataba ulikuwa juu ya magoti yangu, na alama ya mafuta kwenye kona. Nilimwambia ameshinda. Alisema ndiyo. Baada ya kupita daraja nikamuuliza kama inamuuma, habari ya baba yake.

"Kidogo," akasema. "Unajua baba hakujua kuogelea?"

"Adolphe? Kazaliwa ukingoni mwa maji."

"Hakujua. Aliwaficha wote, hata Azélie. Aliniambia mimi kabla hajafa. Na siku ile hakuna aliyejua kwamba pale ni kina kifupi."

Mtu asiyejua kuogelea ameruka kwenye maji asiyoyajua, na amesema maisha yake yote kwamba ni kupunguza uzito, na kumbe alikuwa akisema kweli.

"Kwa nini hukuwaambia pale?"

"Walikuwa wanacheka kwa Kifaransa, Ludivine," akasema. "Ningewaambia, wangenyamaza."

Hakumwambia mtu mwingine, nami sikumwambia mtu, hadi hapa nilipoandika. Ozémé akisoma atajua. Najua atabisha.